Sweta Lililodondoka Mbele ya Akina Mama wa Bonga

Rafiki yangu Marcelino, sikuwa na kitabu cha maelekezo, sikuwa na mwalimu, wala akili ya kunyamaza.

Leo nimewaonyesha akina mama wa kikundi cha Bonga ile mashine yangu ya zamani ya kufuma. Mimi, niliyefuma kwa mkono miaka arobaini!

Nikapitisha kigari chake, kile kinachosukumwa kufuma, juu ya sindano, uzi nimesahau kuweka. Sweta lililoning'inia kwenye sindano likaachia mishono yote, likadondoka sakafuni. Lote, Marcelino! Lote!

Mwenyekiti wao, Coletha, akasema, "Shikamoo Baba Natalia. Mashine haifumi upepo."

Kumbe yeye alitumia mashine kama hiyo Arusha miaka sita!

Na mfukoni nilikuwa na barua ya kuomba kuwafundisha.

Nimeichana. Nimeandika nyingine, ya kuomba anifundishe. Nimeifunga kwa gundi, nimeshaituma kwake.