Karatasi Yenye Doa la Mawese

Cape Coast, 3 Septemba 1971

Kwa Mama Mkubwa Ekua,

Shikamoo, Mama. Natumaini goti halikusumbui huko Saltpond, na kwamba dada Aba anakupikia supu isiyo na pilipili nyingi, na mimba yake haimtesi. Mimi ni mzima, mzima wa mwili tu.

Nimeshika kalamu nikaiweka, nikaishika tena. Nina aibu, Mama. Nilitaka kujigamba, huo ndio ukweli. Nilipoona ua wa nyumba yetu ya Anomabo umejaa wageni siku ya kumbukumbu ya marehemu Bibi, nikakuomba unifungulie lile sanduku lako la barua za Babu Quansah, nikatoa daftari lake nikaanza kuwafasiria, ili wajue babu yetu aliandika Kiingereza safi mwaka 1858. Nilisoma bila kutazama mbele, maneno yake haya: Leo nimenunua binti wa kaskazini, ana chale shavuni, kwa majora mawili ya kitambaa na pipa la ramu. Jina lake la kwao ni fulani, hapa tutamwita Nyaniba.

Nyaniba, bibi yako mzaa mama. Nilipoinua macho watu wote wanatazama chini, nawe umeshika sinia la vinywaji unawagawia. Uliliweka sinia polepole. Ukafungua ufunguo wa sanduku kiunoni, ukauacha mezani, ukatoka.

Wazee wameniambia hakuna aliyekuwa hajui. Ila kwetu hakuna anayetaja mwenzake alikotoka. Mtoto akiuliza tu anapigwa kofi. Na mimi mwalimu mzima nimeyasema mbele ya wageni, tena juu yako uliyenibeba mgongoni mama yangu alipokufa, ingawa hamkuwa wa tumbo moja. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Nisamehe, urudi nyumbani.

Mwanao,
Araba


Cape Coast, 20 Novemba 1971

Kwa Mama Mkubwa Ekua,

Shikamoo. Habari za goti? Hujanijibu, na sikulaumu.

Wazee walinitoza kondoo na chupa za mvinyo mkali, nikatoa. Nyama wameila wao. Kesho yake tu Mjomba Kwamena akaanza kuchungulia chumba chako, anataka amweke mkwewe. Nikamuuliza ni kwa haki gani. Akacheka, akasema, "Si ulitusomea mwenyewe? Mjukuu wa aliyenunuliwa ana chumba gani hapa?"

Nilitamani ardhi inimeze. Basi nikafanya la kufanya. Niliwaita wazee, nikauchana ukurasa ule mbele yao nikautia kwenye jiko la mkaa mpaka ukawa majivu. Nikamwambia mjomba alete ushahidi wake sasa. Wazee wakafurahi, wakasema chumba ni chako mpaka siku watakapokuzika.

Ufunguo wa sanduku ninao mimi. Njoo tule Krismasi nyumbani, Mama, yamekwisha.

Mwanao,
Araba


Saltpond, 2 Desemba 1971

Kwa Araba,

Salamu zako zimefika zote mbili. Goti ni lile lile, Aba hajambo. Anayeandika ni mwalimu wa kanisa. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinipambie.

Sikujibu kwa sababu ya hasira. Hasira iliisha, nikaanza kufunga mizigo nije. Ndipo ikafika hii barua yako ya pili.

Nani alikwambia sikujua? Siri ya mtungi aijuaye kata. Sijui kusoma, lakini mama alinionyesha karatasi ile ya daftari nikiwa kigoli. Ina doa la mawese pembeni, ni alama ya kidole cha mama. Kila Agosti nikizianika barua na daftari kivulini na kuzitilia majani ya mwarobaini, nyingine nazikung'uta tu. Karatasi ile naiwekea kiganja. Ulidhani nimetunza sanduku la Quansah uzee wote huu kwa ajili ya Quansah? Bibi yangu hana picha, wala kaburi lake halijulikani. Alikuwa na karatasi ile, nawe umeichoma ili unipe chumba.

Mama alisikia kwamba jina lake la kwao limeandikwa pale, ila hakupata wa kumsomea. Angemwomba nani, na jambo lenyewe halitajwi? Wewe siku ile ulilitaja. Nilikusikia, lakini masikio yalikuwa yameshajaa aibu, sikulishika.

Sitaki kondoo. Chumba mpe mkwe wa Kwamena, alale. Niandikie jina hilo. Aba akizaa msichana tutampa, na siku hiyo nitakuja mwenyewe nimlete, nawe utambeba.

Mama yako,
Ekua


Anomabo, 27 Februari 1972

Kwa Mama Mkubwa Ekua,

Shikamoo. Nimesikia Aba amejifungua salama, na ni msichana. Hongereni sana. Nimesikia pia kwamba siku ya kumpa jina ilipita, mkamwita jina la siku ya wiki aliyozaliwa tu, mkisubiri.

Nilichelewa kwa sababu nilikuwa natafuta. Nimelala macho wazi nikijilazimisha. Naliona daftari, naliona doa lako la mawese, hata nililigusa kabla ya kuchana, nikadhani ni uchafu. Jina silioni. Linaanza na A, au na L. Nililisoma kwa sauti na sikulisikiliza.

Nimepita hapa mlango kwa mlango kwa kila aliyekuwepo siku ile, mpaka kwa Mjomba Kwamena, nikampigia magoti. Hakuna anayelikumbuka, Mama. Majora mawili na pipa la ramu wanayakumbuka wote.

Araba