Mashine Haikuwa na Shida

Jumatatu, 3 Novemba

Panya wamekula. Vizimba nimesafisha. Yule mweupe bado anabonyeza kitufe ingawa sukari nguru niliiondoa wiki iliyopita. Anabonyeza, anangoja, anabonyeza tena. Ndiyo kazi yangu hiyo: kutafuta mahali ndani ya ubongo panapomfunga kiumbe kwa kitu kisichompa raha tena. Chuo kimenipa chumba kimoja nyuma ya stoo. Kinanuka mkojo wa panya na sukari. Nakipenda.

Saa tatu, hospitali. Upasuaji wa goita mbili, ule uvimbe wa shingoni. Mimi si daktari wa kupasua. Mimi hukaa kwenye stuli nikitazama mashine. Mgonjwa huwekewa mpira wa pumzi wenye nyaya zinazogusa nyuzi zake za sauti. Mpasuaji akigusa neva ya sauti kwa kijiti cha umeme, mashine hulia. Ikilia, sauti ipo. Ikinyamaza, kuna jambo. Hakuna mwingine hapa anayeijua mashine hii. Likizo nimeomba mara tatu. Mara tatu nimeambiwa, "Tukuachilie, halafu?"

Jumatano, 5 Novemba

Daktari Lubanga, mpasuaji wetu, amenisifu mbele ya wanafunzi. "Huyu dada ndiye macho yangu." Nilifurahi kama mtoto. Kisha nikajichukia. Miaka yote ya kusoma jinsi ubongo unavyofukuzia tuzo, na bado sifa moja ya Lubanga inanitosha siku nzima.

Acha niandike, maana hakuna wa kumwambia. Mwezi wa nane, Mama Makokha, muuza nyanya wa Shianda. Shingo ina neva mbili za sauti, moja kila upande. Ya kwanza ikigoma, unafunga kidonda, ya pili huigusi. Zote mbili zikigoma mtu anaweza kukosa hata pumzi. Tulianza kushoto. Mashine ikanyamaza. Lubanga akanitazama. Nikasema labda ni mashine. Akaendelea upande wa kulia, akamaliza. Ripoti niliandika mimi: hitilafu ya mashine. Jioni akaniambia anapenda kufanya kazi na mtu asiye na maneno mengi.

Mama Makokha ananong'ona mpaka leo. Aliambiwa sauti itarudi.

Mashine haikuwa na shida. Niliijaribu kesho yake, na siku iliyofuata.

Ijumaa, 7 Novemba

Senje amekuja kutoka Iguhu. Ndiye shangazi yangu Khasandi, aliyenilea baada ya mama kufariki. Goita imekua, inambana akilala. Amepangiwa Jumanne. Mpasuaji ni Lubanga.

Nilimshauri aende Eldoret. Akacheka. Kanisa lote limeshaambiwa kwamba mtoto wao ndiye atakuwa hapo ndani. Ningemwambia kwa nini aende, ningelazimika kumwambia yote. Nikamchemshia chai.

Jumapili, 9 Novemba

Nilienda naye kanisani. Wamama walimwombea, kisha wakamtaka aimbe. Huyu ndiye huanzisha nyimbo kwenye mazishi yote kule kwetu. Watu hukaa na kilio kooni mpaka yeye afungue mdomo, ndipo wote hulia. Baba alipozikwa alisimama kando ya kaburi tangu asubuhi, akiimba, na mkono wangu ameushika.

Leo aliimba na goita ikipanda na kushuka. Nilitazama viatu vyangu.

Njiani akaniambia, "Mimi huwanga naogopa kisu. Lakini wewe si utakuwa unaniangalia? Basi imekwisha."

Haijakwisha.

Jumatatu, 10 Novemba

Nilimfuata Lubanga ofisini. Nikamwomba tukubaliane mapema: mashine ikinyamaza upande wa kwanza, tunaacha. Hakukasirika. Heri angekasirika. Alifungua faili, akatoa karatasi ya Mama Makokha, akaweka kidole juu ya sahihi yangu.

"Mashine yako ina vituko. Si uliandika mwenyewe?"

Nimenasa. Nikisema mashine ni nzima, mimi ni mwongo wa mwezi wa nane. Nikisema ni mbovu, kesho sina neno. Kamba niliisokota mwenyewe, tena kwa mwandiko mzuri.

Jumanne, 11 Novemba

Niandike kwa mpangilio.

Senje alilala saa mbili na nusu. Kushoto kwanza, ndiko uvimbe ulikuwa mkubwa. Mlio safi. Saa nne kasorobo, mlio ukafifia. Kisha kimya.

Nikakagua nyaya. Sawa. Mpira wa pumzi haujasogea. Nikamuuliza mtu wa dawa ya usingizi kama ameongeza dawa ya kulegeza misuli. Hapana. Nikamwomba Lubanga aguse upande wa kulia. Ikalia. Kushoto tena. Kimya.

"Ni mashine," akasema. "Tunaendelea."

Wote wakanitazama. Wauguzi wawili, wanafunzi, mtu wa usingizi. Najua kabisa nilichokitaka wakati ule: nilitaka Lubanga aniite macho yake. Hata hapo, Senje amelala shingo wazi, nilikitaka.

Nikasema mashine haina shida. Nikasema haikuwa na shida hata siku ya Mama Makokha, na kwamba ile ripoti niliandika uongo. Nilisema kwa sauti kubwa, sijui kwa nini, chumba ni kidogo.

Lubanga aliinua mikono kutoka kwenye kidonda. Kisha akaomba uzi, akafunga.

Jumatano, 12 Novemba

Nimeambiwa nijieleze kwa maandishi. Nimeeleza, kurasa mbili, mwezi wa nane wote umo. Mashine wameifunika kwa shuka. Lubanga tulikutana kwenye ngazi, akapita.

Senje ameamka. Anapumua vizuri. Sauti ni kama ya mtu mwenye mafua makali, nusu hewa. Goita ya kulia bado iko. Nilimwambia yote, pamoja na Mama Makokha. Neva haikukatwa, huenda ilivutwa tu, huenda sauti ikarudi. Huenda. Nimechoka na neno hilo.

Nikadhani Senje ataniambia nilifanya vizuri. Akanong'ona, "Na huyo mama wa nyanya, umemwambia?"

Jumamosi, 15 Novemba

Asubuhi, vizimba. Yule mweupe amelala kwenye kona, kitufe hakugusa. Nimeandika.

Kisha Shianda. Mama Makokha yuko palepale, karibu na kinu cha kusaga. Wenzake huita wateja. Yeye hugonga kifuniko cha sufuria kwa kijiko.

Nilimwambia nikiwa nimesimama. Kwamba tulipaswa kusimama baada ya upande wa kushoto. Kwamba nilijua. Kwamba niliandika uongo, na sasa hospitali inajua, na akitaka kushtaki nitasimama naye niseme hivyohivyo. Akasema kitu. Kinu kilikuwa kinanguruma, sikusikia. Niliona haya kumwomba arudie. Nikainama, sikio karibu na mdomo wake.

"Ulijua siku ileile?"

Ndiyo.

Akageuka kumpimia mteja. Nikabaki nimesimama, sijui niende au nikae. Mteja alipoondoka akaniwekea kigoda. Akaonyesha nyanya kwa kidole. Kisha akaonyesha mdomo wangu.

Nikaita. Nyanya, nyanya hapa, mbivu, karibu mama, karibu. Sauti yangu ni mbaya, watoto walicheka. Niliita mpaka soko likaanza kufunga. Aliuza kidogo.

Nilingoja aseme asante. Kisha nikaacha kungoja, nikamsaidia kukunja gunia.