Mbwembwe, Mwalimu na Nafasi ya Nne

Jumatatu, 9 Juni
Ipagala hadi Mtumba kwa baiskeli, dakika arobaini na moja. Upepo usoni mwanzo mwisho. Nimefika ofisini macho mekundu, vumbi hadi kwenye meno. Nimeoga kwa ndoo, nimevaa sketi, nimekaa masijala kupokea mafaili kama mtu wa kawaida.

Kocha Nyemo katoa tangazo jana pale karakana yake ya Kizota. Timu ya baiskeli ya wanawake ya mkoa ni watu wanne. Watatu wameshapatikana. Nafasi moja imebaki, na tumebaki wawili: mimi na Jackline, mwanafunzi wa chuo, miaka ishirini na mbili. Mimi nina thelathini na saba. Mwakani sitakuwa na miguu hii. Naitaka nafasi hiyo mpaka naona aibu.

Mwaka jana walimlalamikia anapendelea watu wa Kizota. Sasa hataki maneno. Ataangalia rekodi za mazoezi za wiki sita. Kila mtu achague programu yake ya simu, moja tu, na tarehe 28 amtajie.

Jumatano, 11 Juni
Nimepakua tatu. Bando limekwisha kabla ya chai.

Ya kwanza nimeiita Mbwembwe. Rangi, mataji, dole gumba. Ukipanda kilima haraka kuliko wenzako inakuvika taji na klabu yetu nzima inaona. Ya pili nimeiita Mwalimu. Haina rangi. Inataka mkanda wa kifuani unaosoma mapigo ya moyo, kisha inakuchorea mistari na kukukaripia. Ya tatu ni jedwali tupu la kujaza mwenyewe. Hiyo nimeipiga chini leo leo. Majedwali ninayo ya kutosha kazini.

Mkanda nimeazima kwa Mama Kulwa, tunayekaa naye meza moja masijala. Aliununua apunguze mwili, akautumia mara mbili. Kanikabidhi akicheka.

Jumamosi, 14 Juni
Mbwembwe inasema nazidi kuwa mzito. Mwendo umeshuka. Nimekasirika, nikataka kuitupa simu.

Mwalimu inasema kitu kingine. Mwendo umeshuka kwa sababu upepo umeongezeka, ila mapigo ni yaleyale. Sijachoka, nimesukumwa nyuma tu. Mtu wa pwani angeshangaa, lakini Juni ya Dodoma ndiyo hiyo, upepo unakushika kifua kama mgambo.

Ijumaa, 27 Juni
Kesho natakiwa kumtajia kocha. Wiki mbili nimeendesha programu zote mbili kwa pamoja, simu inaishiwa chaji kabla ya mchana.

Niseme ukweli, maana hapa hakuna anayesoma. Mwalimu ni bora. Inaniambia kwamba mapigo yakifika mia na sabini na mbili nina dakika nne tu kabla ya kukata moto. Kwenye mia na sitini na tano nakaa hata dakika kumi. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia hilo.

Lakini Mwalimu haina watu. Mbwembwe ina klabu nzima. Jana nimepata dole gumba kumi na tisa kwa safari ya Ihumwa. Kumi na tisa! Mama Kulwa kasema napenda makofi. Kweli napenda.

Jumamosi, 28 Juni
Nimemtajia kocha Mbwembwe. Jackline naye Mbwembwe. Kocha kaandika kwenye daftari. Mwalimu nimeiacha inaendelea kimyakimya, kwa ajili yangu.

Jumatano, 9 Julai
Pancha. Karibu na Ihumwa nikielekea nyumbani nimesogea pembeni kupisha lori, nimeingia kwenye majani makavu. Mbigiri mbili kwenye tairi la nyuma. Tyubu ya akiba nimeisahau ofisini. Basi la watumishi likapita, dereva akanionea huruma, baiskeli ikalazwa kwenye korido.

Simu ilikuwa mfukoni. Sikuizima. Nilikuwa na hasira na mbigiri.

Nimefika nyumbani nakuta Mbwembwe imenivika taji la kilima cha Mnara. Kilomita sitini na mbili kwa saa, kupanda! Dole gumba thelathini na moja. Mmoja kaandika, "Mama, umekula nini?"

Nimeifuta safari yote. Haraka. Kisha kwa Mwalimu nimefanya nilivyozoea kazini. Masijala hatuchomoi karatasi kwenye faili, hata iwe na makosa. Unaandika pembeni, unatia tarehe. Nimeandika: kuanzia dakika ya ishirini na mbili ni basi, pancha, mbigiri mbili, 9 Julai.

Kwa nini kule nimefuta na huku nimeandika? Kwa sababu kule wananitazama. Mjinga mimi.

Alhamisi, 10 Julai
Jackline alikuwa ameshaipiga picha. Kaibandika kwenye grupu la klabu asubuhi. Chini yake kaandika kwa adabu zote, shikamoo dada Tabitha, taji limekwenda wapi, na safari nyingine ngapi zilikuwa za basi?

Swali limeniuma kwa sababu ni swali la haki. Mimi ndiye ningeliuliza.

Nimejieleza. Watu walionipa dole gumba thelathini na moja, kimya. Kocha kaandika mstari mmoja, nije karakana Jumamosi.

Sijala mchana. Mama Kulwa kaniambia nikamwambie kocha simu iliharibika. Nimekataa. Uongo wa pili utanizika kabisa.

Jumamosi, 12 Julai
Kizota. Kocha Nyemo alikuwa anakaza nyaya za gurudumu, hakuinua uso. Nikamwamkia, akaitikia. Jackline yupo, kakaa kwenye benchi.

Kocha kauliza kama nilifuta. Nikasema nilifuta. Kauliza kwa nini. Nikasema niliona aibu. Hapo akaweka spana chini.

Nikamfungulia Mwalimu. Safari ya tarehe 9 ipo nzima, na maandishi yangu pembeni. Nikamwonyesha mistari miwili: mwendo umepanda hadi sitini na mbili, na moyo umeshuka hadi themanini. Hakuna binadamu anayepanda kilima cha Mnara kwa mapigo themanini. Huyo amekaa kwenye kiti.

Kisha nikamwonyesha safari nyingine zote, moja moja. Kila moja ina moyo unaodunda kwa kasi. Akashika simu yangu muda mrefu, mafuta ya mnyororo yakabaki kwenye kioo. Akamwita Jackline aone. Jackline kaangalia, kasema haya, lakini mimi nilishataja Mbwembwe, na kwenye Mbwembwe yeye ana kasi zaidi. Ni kweli pia. Yeye anaendesha jioni kutoka Mtumba, upepo mgongoni.

Kocha hakutaka kubishana na simu. Jumamosi ijayo, kilima cha Mnara kwa upande wa Ipagala, asubuhi, upepo usoni, wote wawili kwa pamoja. Atakayefika mnarani kwanza ndiye.

Jumanne, 15 Julai
Nimeifuta Mbwembwe kwenye simu. Programu nzima. Nilidhani nitaumia. Nimejisikia kama nimevua kiatu kinachobana.

Nimekaa na Mwalimu peke yake, nimefungua wiki tano zote. Wiki ya kwanza, kwa mapigo mia na sitini, dakika arobaini na moja hadi ofisini. Leo, mapigo yaleyale, upepo mkali zaidi, dakika thelathini na tano.

Nina nguvu. Naandika tena nijisikie: nina nguvu.

Mpango: mia na sitini na tano, si zaidi, mpaka bango la kanisa, karibu na kilele. Baada ya hapo kufa kupona.

Jumamosi, 19 Julai
NIMESHINDA.

Niandike kwa utaratibu. Saa moja asubuhi, baridi, upepo unapiga filimbi kwenye nyaya za umeme. Kocha juu mnarani. Msaidizi wake chini akapunga kitambaa.

Jackline akaondoka kama risasi. Dakika ya kwanza mita hamsini mbele. Ya pili mita mia. Kila kitu mwilini kilinisukuma nimfuate. Nikaangalia saa ya mkononi inayosoma mkanda: mia na sitini na tano. Nikajiambia Tabitha, tulia. Watu wa klabu pembeni mwa barabara wananionea huruma, mmoja ananipigia makofi ya kunifariji. Sijawahi kuchukia makofi hivyo.

Dakika ya tano mgongo wake ukaanza kuyumba. Ya sita nikaona anabadilisha gia ovyo. Kwenye bango la kanisa nilikuwa mita ishirini nyuma yake. Nikasimama kwenye pedali.

Nilimpita akiwa amefumba macho. Sikumwangalia tena. Sauti niliyosikia ilikuwa ya pumzi yangu, mbaya kama ya ng'ombe. Nimefika mnarani mia na themanini na moja, mate kidevuni, nikaanguka na baiskeli kwenye changarawe. Goti limechubuka. Nilicheka pale chini kama mwendawazimu.

Kocha Nyemo kaja kasimama juu yangu. Kasema, "Nafasi ya nne ni yako. Na usiniletee tena rekodi iliyofutwa."

Nikasema, "Sitafuta tena, kocha."

Jackline kanipa mkono. Alikuwa analia, hakujificha. Kaniuliza ule mkanda unauzwa wapi. Nikamwambia, na nikamwonyesha jinsi ya kuuvaa. Yeye ana miaka mingi mbele. Mimi nina mwaka huu tu.

Jumapili, 20 Julai
Ibada ya kwanza. Goti linauma nikipiga magoti.

Mwalimu inasema nipumzike. Mapigo ya asubuhi hamsini na mbili.

Mchana nimejaza fomu ya timu. Miaka kumi na mmoja naandika majina ya watu kwenye majalada. Leo nimeandika langu, kwa wino mweusi, herufi kubwa. Penye umri nimeandika thelathini na saba. Nimesubiri wino ukauke, kisha nikaikunja fomu.