Mumeo Amejifunza Kupika Samaki wa Maziwa

Mwanangu Nyangeta,

Sikuulizi hali. Najua ulipo hakuna homa wala kifua, na kama kipo nitakuja kugombana na mwenye mahali. Sisi huku tupo, tunakula. Hilo la kula ndilo limenifanya nikuandikie, na leo nitakuwa mrefu, kwa hiyo kaa vizuri.

Unajua mimi sikuingia darasani hata siku moja. Anayeandika ni shoga yako Zaituni, hapa nyumbani kwake Bweri, mikono bado ina unga wa mikate. Nimemwambia aandike kama ninavyosema, asininyooshee maneno. Akishikwa na kilio anaweka kalamu chini, mimi namsubiri. Ameshaiweka mara mbili na bado hatujasema kitu.

Tangu tukuzike kule Bugwema, Wegesa wako aliacha kula jioni. Asubuhi alikunywa chai, mchana alikula shuleni na wenzake. Lakini jua likianza kushuka, saa ile uliyokuwaga unarudi kutoka dukani Iringo, baba yake akiweka ugali mezani mtoto anafunga mdomo. Halii, hagombi. Anakaa tu anaangalia mlango. Ukimuuliza unataka nini, anasema anataka cha mama.

Cha mama ni kile chako cha haraka. Sato wa kubanika aliyebaki jana, unamchambua miiba. Kitunguu kwenye siagi, kijiko cha unga wa ngano, halafu maziwa kidogo kidogo huku unakoroga, mpaka inakuwa nzito na laini inateleza kwenye mwiko. Samaki ndani, pilipili manga, na ule utando wa juu ya maziwa uliokuwaga unauficha kwenye kikombe usije ukaliwa. Unamwagia juu ya slesi za mkate wa Zaituni ulizozibanika kwenye mkaa mpaka zinalia zikikatwa. Jirani hajamaliza kupepea jiko lake, ninyi mmeshalamba sahani.

Siku ya kwanza kukiona nilikuambia huo ni uji wa samaki, na mkate umekosa nini mpaka umwagiwe uji. Ukacheka, ukasema, "Mama, onja kwanza halafu unitukane." Nikaonja. Sikukutukana. Sikukusifu pia, na hilo linaniuma mpaka leo. Nilikula slesi nne, nikafuta mdomo, nikasema chumvi imezidi. Chumvi haikuzidi, Nyangeta. Haikuzidi hata chembe.

Basi. Wifi yako wa Bunda akaja kuwasalimia. Simsemi vibaya, ni mtu mwenye moyo, ila ana haraka kama mtu aliyeacha maharage jikoni. Akamshika mtoto mkono, akaona ni mfupa. Akamwambia kaka yake kwamba mwanaume peke yake hawezi kulea msichana, na Jumamosi inayofuata atarudi kumchukua Wegesa akakae naye Bunda kwenye nyumba yenye wanawake. Mumeo unamjua, akiumia anakuwa kama mbao zake pale kwenye karakana. Mtoto ndiye aliyesema, "Nikienda, mama akirudi atanikuta wapi?"

Zaituni alinipigia simu siku hiyohiyo. Niliwaachia ndege mtama wangu Butiama, wale wanavyotaka, nikapanda gari la Musoma.

Nilifikia hapa kwa Zaituni, jirani yenu, maana nyumba ya mkwe silali. Siku ile ile nilipika mwenyewe hicho chakula kwenye jiko la Zaituni, nikampelekea mtoto kikiwa cha moto. Akaonja vijiko viwili kwa adabu, akasukuma sahani. Akaniambia, "Bibi, ni kitamu, lakini kimetoka kwa watu." Nikamwelewa. Alikuwa anataka kusikia kitunguu kikilia ndani ya nyumba yenu, harufu ianzie jikoni kwenu ije mpaka anapofanyia hesabu zake. Na mimi siwezi kuhamia Musoma. Wa kupika alikuwa mmoja tu, na huyo tangu azaliwe anajua kusonga ugali na kuchemsha chai.

Hapo ndipo penye kazi, na wewe unajua kwa nini.

Mimi ni mama yako, yeye ni mumeo. Siingii jikoni kwake, sili anakoniona, jina lake silitamki. Tukikutana njiani mimi naingia kwenye majani na kanga yangu usoni, yeye anaangalia mbali kama mtu anayetafuta ng'ombe. Miaka yote kumi na moja tuliongea kupitia kwako. Nilisemaga, mwambie mumeo paa linavuja, na yeye amekaa hatua tatu anasikia kila neno. Anajibu, mwambie mama nitalipanda kesho. Wewe katikati unacheka mpaka unashika mbavu. Ulipoondoka tukabaki hatuna wa kumwambia. Hata msibani, mimi nililia upande wa jikoni, yeye akalia upande wa zizi, na hakuna aliyempelekea mwenzake pole. Mtu aliyekuosha miguu miezi mitatu ulipokuwa unaumwa, mimi sikumwambia ahsante.

Nikachukua kigoda cha Zaituni, nikakaa nje nyuma ya ukuta wa jiko lenu, mgongo kwenye dirisha. Nikauambia ukuta, "Wewe ukuta, leo utapika." Halafu nikasikia sufuria ikitolewa kwenye rafu, na sauti yake ikaiambia ile sufuria, "Tumesikia."

Zaituni hapa anacheka, ameharibu mstari.

Siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Nikauelekeza ukuta kila kitu. Ila mimi sioni, nasikia tu na kunusa. Nikasema kijiko cha unga. Kumbe yeye akaona kijiko kimoja ni dharau kwa maziwa yote yale. Mtu wa kwetu akiona maji ya moto na unga, mkono wake unajua njia moja. Akaongeza. Akaongeza tena. Nikaanza kusikia mwiko unapiga, pu, pu, pu, nikauliza ukuta unafanya nini. Sufuria ikaambiwa kwamba inakaribia kuiva. Mumeo alikuwa anasonga, Nyangeta. Alisonga samaki wako mpaka akasimama. Akampindua kwenye sahani akakaa na umbo la sufuria, na juu akapigwa mgongo wa mwiko wenye maji akang'aa, vizuri kabisa, kama wa harusi.

Akamwekea mtoto. Wegesa akaangalia lile jabali limekaa juu ya slesi ya mkate, akaniita dirishani, akasema, "Bibi, baba amejenga." Halafu akacheka. Nilisikia kicheko hicho nikiwa nje na nikaziba mdomo kwa kanga. Tangu uende sikuwa nimekisikia. Hakula siku hiyo, alikunywa chai. Lakini alicheka, na baba yake naye nikamsikia, kidogo, puani.

Ijumaa tukarudia. Nikauambia ukuta ukiongeza unga nitauvunja. Mchuzi ukatoka mzuri, laini, lakini alikuwa ameushikilia kwa mikono miwili kama mtoto mchanga, mkate akausahau kwenye mkaa. Slesi zikawa makaa. Wegesa alilamba mchuzi kwenye kijiko, mara tatu, nne. Akasema kesho aongeze pilipili manga. Nikajua tunakaribia, na kesho ilikuwa ndiyo Jumamosi.

Wifi yako alikuja saa kumi na moja jioni na bodaboda, na begi tupu la nguo. Akakaa sebuleni, akaanza kupanga: shule ya Bunda, sare, kitanda cha kulala na binti zake. Mumeo yuko jikoni, mimi kwenye kigoda changu. Kitunguu kinalia. Unga umeingia, kijiko kimoja. Maziwa yanaingia na nasikia mwiko unazunguka pole pole, vizuri kabisa. Wegesa ametoka chumbani mwenyewe, bila kuitwa, amesimama mlango wa jiko na daftari mkononi. Na hapo wifi yako akaita kwa sauti, kaka njoo tumalize maneno, giza lisinikute njiani.

Na yeye, kwa adabu zake, akaacha sufuria kwenye moto akaenda.

Nikasubiri arudi. Nikasikia maziwa yanaanza kunong'ona. Ukiyaacha hapo yanashika chini, na yakishika chini hakuna siagi itakayotoa ile harufu, mtoto atafunga mdomo na begi litajaa. Nikauambia ukuta. Ukuta hauna mikono. Nikawaza kumtuma Wegesa, nikaona mtoto na sufuria ya moto, hapana. Nikafikiria kuingia mwenyewe. Ningeingia, Nyangeta, nisingejali, lakini basi kingekuwa chakula cha bibi, tungerudi palepale.

Nikasimama, nikageuza uso dirishani, nikapaza sauti.

"Magori, mwanangu, acha maneno ya watu, rudi kwenye sufuria yako."

Jina lake. Mbele ya dada yake. Wifi yako baadaye alisema alidhani nimepata wazimu. Lakini mumeo alirudi mbio, akaishika sufuria kwa ncha ya shati, akakoroga. Tukatazamana kwenye lile dirisha, yeye na mwiko, mimi na kanga imeanguka mabegani. Amezeeka, Nyangeta. Sikuwa najua ana mvi. Akasema, "Mama, bado haijashika." Akaniambia mimi, si sufuria. Nikamwambia basi weka utando wa maziwa, na geuza mkate.

Nikamwambia na lile lingine. Nikamwambia, "Ahsante kwa miguu ya mwanangu." Alikoroga tu. Lakini alikoroga vizuri.

Wegesa alikula slesi mbili, akaomba ya tatu, akapewa nusu asije akaumwa. Alikula polepole huku anaangalia sahani. Mlango hakuuangalia. Mchuzi ulimshika puani, baba yake akamfuta kwa kidole. Wifi yako alikuwa amesimama na begi lake, anaangalia, machozi yanamshuka na hajui ayaweke wapi. Mjukuu wangu, ambaye sijui hii midomo kaitoa wapi, akamsogezea sahani akamwambia, "Shangazi, kula, halafu uende, giza lisikukute."

Akala. Akasema ni kitamu lakini chumvi imezidi. Nikiwa nje pale nilicheka mpaka kigoda kikalia.

Alipanda bodaboda na begi tupu. Mlangoni alimwambia kaka yake kwamba amekuja kumchukua mtoto asiyekula, na huyo hamwoni. Atakuja sikukuu, na binti zake, waje kulala hapa. Nimeshakuambia ana moyo.

Kuhusu lile la jina, nilimpigia kaka yangu Butiama nikamweleza kabla hajasikia kwa watu. Akanitukana kidogo, halafu akasema mkwe alete blanketi, mimi nimpe kuku, yaishe. Blanketi limekuja, la bluu, zito, kwa miguu yangu ni dawa. Heshima yetu haikufa. Bado sili mezani kwake. Ila siku hizi Wegesa akiwa anakula, mimi naletewa sahani yangu kwenye kigoda, yeye anakaa kizingitini amenigeuzia mgongo, na tunaongea kila mmoja akiangalia upande wake. Namuuliza ukiumwa mgongo mbao gani nzuri ya kitanda. Namwambia ulikuwaje ukiwa wa umri wa Wegesa, ulivyoniibia siagi. Hilo hulijui kama nililiona. Nililiona.

Wiki ya tatu sasa anapika. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa ni samaki wa maziwa. Siku nyingine mtoto anakula ugali wa baba yake na halalamiki. Mashavu yameanza kurudi. Anapiga kelele shuleni mpaka mwalimu ametuita. Nilifurahi sana kuitwa.

Kesho narudi kwangu, nikaone ndege wameniachia nini. Kaa huko kwa amani, binti yangu. Ninapokukumbuka nalia bado, sitakudanganya, lakini nikimaliza naona njaa, na zamani nilikuwa sioni.

Nakuahidi hivi. Mtoto wako atakua nyumbani kwake, kwa baba yake. Nitakuja kila mwezi niketi nje ya jiko nisikilize. Siku nitakapokuja huko kwako, kiti changu kitakaliwa na Zaituni. Nimemuuliza sasa hivi, amekubali, nimemwambia asikubali kwa mdomo, aandike. Haya andika.

Mimi Zaituni nimekubali.

Mama yako