Reli Yetu ya Kwenda Murungu

Kasulu, Jumapili mchana

Kaka,

Barua hii nilianza kuiandika kwa Kiingereza. Usicheke. Nilidhani nikitumia lugha ya shuleni sitalia, na kweli sikulia, lakini nilipoirudia nikaona nimekuandikia insha. Ina utangulizi, ina hitimisho, mwalimu angenipa alama nzuri. Nimeichana. Hii naandika kama tulivyokuwa tunaongea, mimi sikutazami na wewe hunitazami, wote tumekodolea kioo cha kompyuta.

Nimechoka, Kaka. Niliseme hilo kwanza lisije likanisumbua huko mbele. Siumwi, na usingizi napata. Ni uchovu tu, wa kuamka nao.

Habari za hapa. Meza yako ya kutengeneza simu pale sokoni ameichukua yule kijana mpole wa Rungwe Mpya aliyekuwa anakuja kuazima bisibisi. Wateja bado wanakuulizia. Anawajibu, "Ametangulia," kisha anainamia simu kama kuna kitu amekiona ndani. Mama bado anachemsha maji yako kila asubuhi. Anajaza ile chupa kubwa ya kijani uliyoambiwa hospitali uimalize kila siku, anaiweka dirishani. Hakuna anayeinywa. Jioni anamwagilia mchicha. Baba amerudi Manyovu kwenye biashara yake ya maharage, na siku hizi anapiga simu kila jioni, jambo ambalo hakuwa nalo. Tukishasalimiana ananiambia malori yaliyovuka leo kwenda Burundi yalikuwa mengi au yalikuwa machache. Namwambia, "Haya Baba." Anasema, "Haya mwanangu." Tunakata.

Kompyuta niliifunika kanga siku ulipolazwa mara ya mwisho. Nikajisemea nitaifunua ukirudi.

Nakumbuka mwanzo wake wote. Ulikuwa mtoto ulipopelekwa Dar kutibiwa, kwa treni kutoka Kigoma, na uliporudi hukutuambia lolote kuhusu hospitali wala sindano. Uliongelea reli. Ulituonyesha kwa vijiti upana wake, ukatwambia inavyolia kwenye maungio, ukatwambia kuna mahali treni inakunja kona hadi unaona mkia wake kupitia dirishani. Miaka ikapita, selimundu, ule ugonjwa wako wa damu, ikakutoa shuleni baada ya darasa la saba, ukajifunza simu. Halafu ile kafe ya intaneti ikafungwa na wewe ukaja nyumbani umekumbatia kompyuta yao kuukuu, umeiwekea mchezo wa kuendesha treni, ule unaomwachia mtu atengeneze njia yake mwenyewe.

Maelezo yote yalikuwa Kiingereza. Ukaniita. Mimi ambaye darasani sinyooshi kidole hata jibu nikilijua, nikawa nakusomea kwa sauti na kukugeuzia kwa Kiswahili, na pale Kiswahili kilipotukwamisha tukamalizia kwa Kirundi cha nyumbani. Wewe ulilaza reli kipande kwa kipande. Mimi nilipanda miti na kujenga nyumba. Mle ndani hamkuwa na mgomba hata mmoja, kulikuwa na misonobari tu, na nyumba zenye theluji juu ya bati, nikapiga picha migomba ya jirani na kuitengeneza. Vituo nilivipa majina mimi. Ukaanza kuniita Stesheni Masta. Hakuna mwingine aliyewahi kuniita kwa cheo.

Wakati huo kila mtu mtaani alikuwa anaongelea reli mpya, ile pana, ya umeme. Wewe ukasema, "Hiyo waachie wenye haraka. Sisi tunajenga nyembamba." Nikakuuliza kwa nini. "Reli pana ikikutana na mlima inautoboa. Nyembamba inauzunguka polepole. Inapita nyuma ya jiko la mtu, unasikia wanakaanga nini." Basi tukaitoa Uvinza kwenye reli ya kale, tukaipandisha Kasulu, tukaipitisha Makere, tukaifikisha Kibondo, na mwisho wake ulikuwa umeshapangwa tangu siku ya kwanza: uwanjani kwa Bibi, Murungu, nyumba tuliyokulia.

Haikufika. Iliishia kijitoni, chini ya kilima cha Bibi. Siku ile ulisema mgongo unauma, ukalala, asubuhi tukakupeleka hospitali. Mengine unayajua kuliko mimi.

Nilikuwa na wazo moja la kijinga ambalo sijamwambia mtu. Nilijiambia kwamba maadamu reli haijafika, wewe bado una kazi, na mtu mwenye kazi hajaondoka moja kwa moja. Kwa hiyo sikuigusa. Tulikuzika Murungu, pembeni ya migomba ya Bibi, nikarudi Kasulu, na kanga ikabaki pale pale.

Halafu ikafika siku ya kuganduka. Unakumbuka tulivyofanya kwa Babu: msiba ukiingia kazi zote zinasimama, na siku ya kuuondoa kila mtu anaishika tena kazi yake mbele za watu, ndipo anaruhusiwa kuendelea kuishi. Bibi akampigia Baba simu. "Mje wote. Na ile kompyuta mje nayo." Baba akadhani hajasikia vizuri. Bibi akamwambia, "Umesikia."

Ilisafiri kwa basi hadi Kibondo imefungwa blanketi, Baba kaipakata kama mtoto mwenye homa. Kwa Bibi umeme bado, ila dukani kwa Mzee Hamadi upo, naye akavuta waya mrefu kupitia mashambani hadi uwanjani, akasema, "Mtu asiukanyage, na mbuzi mfungeni."

Mama akaenda bustanini akapiga jembe ardhini, akageuza udongo kidogo, akarudi nalo mkononi. Baba akapima maharage kwenye mzani wake. Shangazi akakanyaga cherehani juu ya kitambaa kisichokuwa cha mtu. Kisha Bibi akanigeukia. "Na huyu? Yeye aliacha kazi gani?" Nilitaka kusema jembe. Kaka, unajua ninavyokuwa watu wakinitazama, masikio yanawaka. Mama akanijibia: "Aliacha reli. Alikuwa anaijenga na kaka yake."

Shangazi akasema, "Tangu lini kompyuta ikaondoa msiba?"

Bibi akamwambia, "Na hicho cherehani chako kilizaliwa na mababu?" Watu wakacheka, kicheko cha kwanza uwanjani pale tangu tulipokuzika. Nikawasha.

Nilivuta njia yetu hadi karibu na nyumbani. Bibi alisogeza kigoda hadi magoti yake yakagusa meza. Akaitazama migomba yangu, akasema haina mikungu. Akawaona wale wazungu wenye masanduku tuliowaweka kituoni kwa kukosa watu wengine. "Hawa wageni wanamngoja nani hapo?" Baba akamjibu, "Wanangoja treni, Mama." Akasema, "Wapeni viti basi."

Sikujua nifanye nini mbele ya macho yote yale, nikatafuta kazi ndogo. Kati ya zahanati ya Murungu na kijito nilikuta vituo ambavyo sikuwahi kuviona. Uliviweka mwenyewe, mimi nikiwa shuleni labda. Havikuwa na majina. Kila kimoja kina kibao kitupu na benchi moja, pasipo na nyumba wala njia panda, vimekaribiana hivi kwamba treni haijamaliza kuondoka inatakiwa kusimama tena. Nikasema moyoni, Kaka alibonyeza vibaya. Nikakichagua cha kwanza ili nikifute.

"Acha," Mama akasema. "Hapo usifute."

Alikuja karibu, jembe bado mkononi. Akaweka kidole kwenye kioo, kidole kina udongo. "Hapo kuna jiwe. Akitoka zahanati alikuwa anakaa hapo. Ananiambia, 'Mama, tuvute pumzi.'" Akasogeza kidole. "Na hapa ni kwenye mkaratusi. Na hapa ni kwa yule mama aliyekuwa anampa maji."

Nikakaa kwenye usukani wa treni, nikaiendesha taratibu, na Mama akawa anakitaja kila kituo kabla hakijatokea. Hakukosea hata kimoja. Kwa miaka yote ile ulikuwa unazijua sehemu zako zote za kuchoka, ukazibeba hadi ukubwani, ukaziwekea mabenchi. Baba aliondoka akaenda kuukaza waya uliokuwa tayari umefungwa vizuri.

Treni ikafika kijitoni, reli ikaisha. Bibi akauliza, "Mbona hainifikii?" Nikalaza kipande kimoja. Kimoja tu. Bibi akasema, "Inatosha. Umeshaishika."

Tangu hapo nimekuwa nikiifunua kila Jumapili. Siendi mbali. Nalaza vipande viwili vitatu, kisha navifumua. Kutoka kijitoni kupanda kwa Bibi treni haikubali. Magurudumu yanazunguka pale pale, halafu inaanza kurudi nyuma na mabehewa yake, polepole, hadi majini. Nilijaribu kulia, nikajaribu kushoto. Wiki nyingine nilijuta kwa nini Bibi hakuniacha na jembe. Nilikuwa nashangaa: wewe uliyepima kila mwinuko kutoka Uvinza, ulishindwaje na kilima cha nyumbani, ambacho ungekilazia reli umefumba macho?

Jumapili iliyopita nikiwa nimeegemea meza ndipo nikakumbuka. Hujawahi kukipanda.

Tukifika kijitoni Mama alikuwa anachuchumaa na kusema, "Panda." Unapanda mgongoni, anafunga kanga, anakipandisha kilima chote na wewe. Kila mara. Ndiyo maana hakuna benchi lako hata moja upande ule. Miguu yako ilikuwa haikijui. Aliyekijua ni mimi, nikija nyuma yenu na viatu vyako na chupa ya maji. Najua udongo unapoteleza. Najua pale kwenye mihogo panapoonekana tambarare na kumbe panapanda. Najua unapotakiwa kuingia kushoto ili usikutane na mteremko wa mawe.

Basi nikaacha kutumia macho. Nikailaza kwa miguu. Nikaizungusha nyuma ya mihogo, nikaipitisha ule upande mrefu ambao Mama alikuwa haupiti kwa sababu alikuwa anaharakisha kukufikisha, nikaikunja kona kali kabisa, ya reli nyembamba, ile unayoona mkia wa treni kupitia dirishani. Ikapanda. Ilipanda kwa shida, ikihema, lakini haikurudi nyuma.

Katikati ya kilima kuna mahali nilikuwa nainua macho naona mgongo wa Mama, na mgongo wako juu yake, na nyayo zako zinaning'inia. Mahali pale, kila siku, nilitamani mmoja wenu ageuke aseme tukae kidogo. Sikusema mimi. Mimi sikuwa mgonjwa. Nani angesema "tuvute pumzi" mbele ya mtu aliyebebwa na mtu aliyembeba? Nilikuwa mdogo, Kaka, na viatu vyako vilikuwa vizito, na nilichoka sana. Sikukasirika na wewe hata siku moja, nataka ulijue hilo. Nilikuwa nimechoka tu.

Nimeweka benchi pale. Moja, la kwangu. Kibao chake ni kitupu kama vya kwako.

Reli imefika, Kaka. Inaishia uwanjani, karibu na migomba, karibu nawe. Mikungu nimeiweka. Wale wazungu nimewaacha, na viti nimewapa, maana Bibi atauliza. Nilidhani ikifika nitakuwa nimekumaliza, kwamba kazi yako itaisha na wewe utakwenda. Ulikuwa umeshakwenda. Ni mimi tu niliyekuwa bado kijitoni.

Leo tulitoka kanisani, mimi na Mama, jua kali, tunapandisha barabara ya kwetu. Nikamwambia, "Mama, tuvute pumzi." Alisimama ghafla. Niliogopa, nikajua nimemwumiza. Alinitazama muda mrefu, kama mtu anayehesabu watoto wake na kukuta kuna mmoja hakuwa amemtazama vizuri. Kisha akavua kanga ya mabegani, akaitandika kando ya barabara, tukakaa. Watu wanapita, wanasalimia, tunaitikia. Baadaye akasema, "Hata mimi nilikuwa nimechoka." Tulipofika nyumbani alitoa ile chupa ya kijani dirishani, akamimina vikombe viwili. Tukaimaliza.

Kaka, naishia hapa, mkono umeuma. Kila nitakapoiendesha treni yetu nitasimama kwenye vituo vyote, vyako na hicho changu, hata kama abiria hayupo, na sitaondoka hadi pumzi irudi. Na nikichoka nitasema.

Wewe umeshafika. Usipande tena mlima wowote. Kwaheri, Kaka. Urabeho.

Mdogo wako,
Stesheni Masta