Kitambaa cha Mama Kisirudi Juu ya Kompyuta

Yaya Huguette, dada yangu,

Maharage yako jikoni, yaongeze maji. Kompyuta usiifunike tena, hata mama akilalamikia vumbi.

Asubuhi ilipojizima tena, wewe ukichapa wimbo wa kwaya huku unaimba, nilisema hata mashine inakimbia sauti yako. Ukatoka bila chai. Nilipoigusa, ilikuwa moto kama pasi! Kitambaa cha mama cha kufuma kilikuwa kimeziba matundu ya hewa. ~~Sijui nani alikiweka.~~ Nilikiweka mimi Jumamosi, ipendeze kama redio mbele ya wageni.

Nimekuchapia upya beti mbili. Wa tatu siujui. Nikirudi uniimbie, niumalize kabla ya mazoezi ya kwaya. Sitacheka.

Mdogo wako,
Guerschom