Kadi ya Meza ya Saba

Jumapili, 7 Machi 1999

Sijamwambia mtu yeyote, hata kwenye sala nimeiruka: ile kadi niliiandika mimi.

Nilianza shule kwa Kifaransa kule Bukavu, hapa London naendelea kwa Kiingereza. Siri naziweka kwa Kiswahili. Kaka yangu Gires hawezi kukisoma.

Baba anachoma piza kwa Bwana Nizar, hapa Walthamstow. Jumapili baada ya kanisa namngojea kwenye kimeza cha pembeni na kazi zangu za shule. Na kila Jumapili anakuja Mei-Kuen wa darasa letu na familia yake. Wachina sita, bibi yao mbele. Zamani walikuwa wao tu. Leo nimeona meza nne za Wachina! Mmoja akiipenda piza, ukoo mzima unafuata.

Lakini wanateseka. Kila mtu anawekewa piza yake nzima, kisu na uma, kama adhabu. Wao wanataka kuonja kila kitu. Basi sahani zinapita juu ya glasi, chizi inavutika hadi kwenye miwani ya bibi — anacheka, ila hashibi. Kwani kwetu nani anakula ugali wake peke yake pembeni? Nilitaka kusema. Mdomo haukufunguka. Nikachukua kadi ya maoni, nikaandika: Meza 7. Tafadhali kateni piza vipande vidogo, wekeni katikati, kila mtu na sahani tupu. Na maji ya moto ya kunywa kwa bibi.

Jina sikuweka. Nikaitumbukiza kisandukuni.

Jumatatu, 8 Machi

Balaa. Bwana Nizar kaisoma kadi mbele ya wafanyakazi wote. Baba kazunguka jikoni nyumbani: eti alikuwa mwalimu Bukavu miaka kumi na miwili, leo mteja anamfundisha kukata mkate! Mama akamwambia, akimwita kwa jina langu, Baba Plamedie, kata tu, kisu si chako? Gires akacheka. Mimi nikala kichwa chini. Nimemwaibisha baba yangu.

Jumapili, 14 Machi

Amekata!! Piza tatu katikati ya meza, na birika la maji ya moto. Bibi akatoa vijiti vyake kwenye mkoba, akainua kipande bila kudondosha hata uyoga mmoja. Kisha akaenda hadi jikoni, akamshika Baba mkono uliojaa unga. Hawakuelewana hata neno. Wakacheka tu. Sijamwona Baba akicheka hivyo tangu tufike Uingereza.

Jumapili, 21 Machi

Wachina hadi mlangoni, wamesimama! Bwana Nizar anapaza sauti: Mwalimu, choma bwana, Hong Kong nzima imeshuka!

Sasa anamtafuta mwandishi wa kadi. Anataka kumlisha bure na familia yake. Akamuuliza Mei-Kuen. Si sisi, akasema. Halafu akanitazama mimi. Nikazama kwenye hesabu zangu, masikio yanawaka.

Kadi wameibandika juu ya oveni, mbele ya macho ya Baba. Hapo nikaliona kosa langu. Ile 7! Nimeipiga kimstari katikati, kama tulivyozoea Bukavu. Darasani kwetu hapa hakuna mwingine anayeandika hivyo. Na mimi nilifundishwa na nani? Na yeye!

Jumatano, 24 Machi

Baba kaomba daftari langu la hesabu. Kalifungua, kalifunga.

Jumamosi, 27 Machi

Saa tisa mchana. Baba karudi mapema, na kuta za nyumba hii ni nyembamba. Anamwambia Mama: mwaka mzima mtoto hajasema maneno kumi pale kazini, kumbe alikuwa anatuona wote! Mama akauliza, utamgombeza? Baba akavuta droo. Akauliza kalamu nyekundu iko wapi.

Kalamu nyekundu! Ya kusahihisha? Au ya kunipa alama?

Ngazi zinalia. Ni yeye, namjua kwa hatua. Anaimba — Baba anaimba! Lakini alivyoaibika siku ile... Kaka yangu hawezi kusoma haya, yeye anaweza. Chini ya godoro, haraka, kabla haja